UZI: Foreign Correspondent (1940), ripota aliyetumwa Ulaya kwa sababu hajui kitu

Mzee Makabati (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Wiki iliyopita nilikuwa napangua flashi zangu za zamani nikakuta filamu ambayo hata sikumbuki nani aliniwekea. Nikaiwasha ili initafutie usingizi, na usingizi wenyewe ukakata. Mpaka leo nimeitazama mara tatu, mke wangu ananiuliza kama kuna mtihani.

Inaitwa Foreign Correspondent, ya mwaka 1940, kaiongoza Alfred Hitchcock. Dakika 120, haina rangi hata tone. Nitasimulia yote, mwisho ukiwemo, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa uhondo aishie hapa asije akanitukana baadaye.

Kisa kinaanzia New York mwaka 1939, vita vikiwa vinanukia. Mhariri wa gazeti la Globe, mzee Powers, kafura. Ana waandishi kibao Ulaya, na kila siku wanamtumia upepo: huenda ikawa vita, huenda isiwe, wachambuzi hawa wanasema hivi, wale wanasema vile. Yeye anataka habari. Anaamua kutafuta mtu ambaye kichwa chake hakijajazwa na wachambuzi, na bahati inamwangukia Johnny Jones, ripota wa habari za uhalifu ambaye sifa yake ni kumtandika polisi akiwa kazini. Jones anaitwa kwa bosi akijua anakwenda kufukuzwa. Anaulizwa maoni yake juu ya mgogoro wa Ulaya, naye anauliza mgogoro upi. Kazi kapata! Hadi jina anabadilishiwa, anakuwa Huntley Haverstock, maana Johnny Jones ni jina la muuza karanga, halina uzito wa mtu wa ng'ambo.

Anatua London, kisha Amsterdam, kumfuata Van Meer, mwanadiplomasia mzee wa Uholanzi. Huyu kabeba kichwani kifungu cha 27 cha mkataba, cha siri, kimekaririwa tu. Van Meer anapigwa risasi hadharani, umati unashuhudia. Kumbe aliyekufa ni mtu aliyefanana naye, mwenyewe yuko mikononi mwa majasusi wanaotaka akitapike hicho kifungu. Kinasema nini? Filamu inaisha hatujaambiwa, na naapa hutakumbuka kuuliza.

Ila kilichonifanya nifungue uzi ni tarehe. Picha hizi zilipigwa Hollywood kati ya Machi na Juni 1940. Mei 10, wakiwa katikati ya kazi, Ujerumani ikaivamia Uholanzi, na katikati ya mwezi uleule Amsterdam ikawa chini ya Wajerumani. Hawa jamaa wamejenga uwanja mzima wa Amsterdam ndani ya studio, na ule wa kweli umebadilika bendera. Hitchcock alikuja kumsimulia Truffaut, mwongozaji wa filamu wa Ufaransa, kwamba mpiga picha aliyetumwa London na Amsterdam kuchukua mandhari halisi, meli yake ilipigwa kombora baharini, vifaa vyote vikazama, ikabidi aende tena. Kisa kilihusu vita vinavyokuja, na vita vikawa vimekwisha fika kabla hawajamaliza kukata filamu. Nitarudi kwenye hili, kwa sababu ule mwisho una mambo yake.

Karibuni.

Chuma Ulete

Nimeweka kambi. Ila mkuu, kipindi cha picha zisizo na rangi mimi nalala dakika ya kumi. Hakuna mapigano, watu wamevaa kofia wanaongea kama wako kanisani. Nishawishi.

Bint Makorora

Na kuna mapenzi? Maana filamu zao za zamani mtu akikutana na msichana asubuhi, jioni posa.

Mzee Makabati

Bint, yapo na ni hivyohivyo ulivyosema. Jones anamwona Carol Fisher kwenye hafla ya chama cha amani, na haimchukui muda kumtangazia ndoa. Hata sinema yenyewe inawacheka kidogo. Baba yake Carol ndiye mwenye hicho chama, bwana mmoja mstaarabu, Stephen Fisher. Mweke pembeni huyo, tutamhitaji.

Chuma, sikiliza hii. Amsterdam, mvua inanyesha, ngazi pana za jengo la mkutano, chini yake umejaa umati wenye miavuli myeusi. Van Meer anapanda ngazi. Mpiga picha wa gazeti anamsogelea amwombe asimame. Mkononi ana kamera, ubavuni mwa kamera kashikilia bastola. Balbu inawaka na risasi inatoka papo hapo, mzee anaanguka na uso umejaa damu. Muuaji anageuka na kuzama ndani ya miavuli. Sasa kamera iko juu, wewe humwoni muuaji wala Jones anayemkimbiza. Unaona miavuli tu, na katikati yake mstari unaotikisika, unakwenda kama panya anavyopita chini ya mkeka. Hakuna mtu anayesema neno. Hiyo ungeipeleka kibanda umiza chochote usiku wa leo na watu wangesimama kwenye mabenchi.

Dj Kisauti

Mzee Makabati umenigusa. Mimi nilikuwa natafsiri picha kibandani enzi za kanda, kipaza sauti mkononi, sterling akipigwa namlilia mimi. Ninachokwambia ni kwamba picha ngumu kuliko zote kwa mtafsiri ni ile ambayo watu hawaongei, maana unajaza nini? Wenzangu walikuwa wanatunga maneno. Mimi eneo kama hilo la miavuli nilikuwa nanyamaza, na mwenye kibanda alikuwa ananikata hela kwamba sijafanya kazi.

Swali langu: majasusi walijificha wapi?

Mzee Makabati

Kwenye kinu cha upepo, kaka. Hapa ndipo nilipopiga meza.

Gari la muuaji limepotea barabarani, polisi wamepita mbio wakaendelea mbele. Jones kabaki kwenye uwanda wa vinu, hakuna anachokiona. Upepo unampeperushia kofia. Anaikimbilia, halafu anasimama, anatazama vile vinu, na anagundua kimoja kati yake kinazunguka kinyume cha upepo. Kinaiashiria ndege ya majasusi ije itue. Ripota ambaye hajui mgogoro wa Ulaya ni upi ndiye anayeliona hilo, kwa sababu kofia yake imeanguka.

Anaingia ndani kimyakimya. Magurudumu ya mbao yanasaga, ngazi nyembamba, wenyewe wako chini wanaongea lugha isiyoeleweka. Juu anamkuta Van Meer wa kweli, kalewa dawa. Koti la Jones linanaswa na meno ya magurudumu na linavutwa polepole, mkono nao unafuata, na hawezi kupiga kelele. Akatoka, akaita polisi. Wamerudi, hakuna kitu, yupo mzururaji mmoja amelala. Polisi wanamtazama jamaa wetu kama mlevi.

Kalamu Butu

Nimefanya kazi magazetini miaka mingi, sasa nalima vitunguu. Filamu hii naijua vizuri, kuna mhadhiri wetu alituonyesha chuoni, na nadhani mnapita pembeni ya mtu muhimu kuliko wote: Stebbins.

Stebbins ndiye mwakilishi wa Globe pale London. Daktari kamkataza pombe, kwa hiyo anakunywa maziwa kwa uso wa mtu aliyefiwa. Kazi yake kwa miaka ni kuchukua taarifa za serikali zilizokwisha kuandikwa na kuzirusha New York kama zilivyo. Aliyemwigiza ni Robert Benchley, mwandishi wa vichekesho wa kweli, na maneno mengi ya mhusika huyo kajiandikia mwenyewe. Watu wanacheka. Mimi sikucheka. Nimekaa na Stebbins watano chumba kimoja cha habari. Taarifa kwa vyombo vya habari inaingia saa nne, bahasha inaingia saa tano, habari inatoka saa sita. Na mhariri akimtaka mtu mpya asiyejua kitu, anamwita mbunifu. Hapo ndipo ninapotofautiana na wewe mleta uzi. Sikubali kwamba kutojua ni sifa. Jones anafaulu kwa sababu ni ripota wa polisi: kazoea kufika eneo la tukio, kuhesabu magari, kuangalia kilichokaa vibaya. Kofia ni bahati. Kujua kwamba kinu hakipaswi kwenda kinyume na upepo ni mazoea ya kutazama. Kanjanja angeokota kofia akaenda zake.

Mzee Makabati

Nimekubali. Nafuta "hajui kitu" moyoni, kwenye kichwa cha uzi siwezi tena.

Shekhe Ubwabwa

Mie niko Mombasa, nimeitafuta nikaitazama jana. Ile hoteli wallahi nimecheka. Polisi wawili bandia wamekuja chumbani kwa Jones kumchukua, simu imekatwa waya. Anajifanya anaenda kuoga, anatokea dirisha la msalani na joho la kuogea, anatembea ukingoni ghorofani. Anashika taa za jina la hoteli, HOTEL EUROPE, zinamuunguza, herufi mbili zinazimika, kunabaki HOT EUROPE. Ulaya ya moto! Halafu anazitaka nguo zake zilizobaki chumbani. Fujo! Jones anawapigia simu wahudumu wote wa hoteli, wa vyombo, wa nguo, wa chakula, wote waende chumbani kwake kwa pamoja, wale majambazi wasijue pa kusimama.

Ila niseme jambo. Hii ni propaganda. Marekani haikuwa vitani wakati ule, na picha nzima inawavuta mkono: njooni, njooni. Sasa tunaisifia kwa vile propaganda ni ya upande ulioshinda?

Mzee Makabati

Shekhe, hoja yako inasimama, na aliyekuunga mkono utamshangaa. Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, aliiona filamu hii na kuisifu kama kazi ya daraja la kwanza ambayo bila shaka itawagusa watu wa nchi za adui zake. Fundi kamtambua fundi.

Lakini itazame tena kwa jicho hilohilo. Marekani ilikuwa na sheria za kutoegemea upande, na studio zilikuwa na woga wa kuitaja Ujerumani kwa jina. Filamu inazungukazunguka, majasusi wanaongea lugha ya kubuni, bendera huioni. Na adui mkubwa si jitu linalobwekabweka. Ni Fisher, mzee wa chama cha amani, anayempenda binti yake kwa dhati. Herbert Marshall kamcheza kwa upole kiasi kwamba wakati anamtesa Van Meer unasikia aibu kwa niaba yake. Wanamwekea mzee wa watu taa kali usoni na muziki wa jazi kwa sauti ya juu asilale. Propaganda ya kawaida haimpi adui huruma namna hiyo.

Huyo Van Meer ni Albert Bassermann, mwigizaji mkubwa wa jukwaa la Ujerumani aliyeikimbia nchi yake baada ya Wanazi kuingia, mkewe akiwa Myahudi. Kiingereza hakujua. Maneno yote kayakariri kwa sauti tu. Kwa hiyo unamwona mzee anayeigiza mtu aliyekariri kifungu, naye mwenyewe kakariri. Anapowaambia watesi wake juu ya watu wadogo wanaowatupia ndege makombo, sijui alikuwa anaelewa neno gani na neno gani, ila uso wake unaelewa yote. Alipendekezwa kwa Oscar, akashindwa na Walter Brennan wa The Westerner.

Kalamu Butu

Na sterling wa The Westerner alikuwa Gary Cooper, ambaye Hitchcock alimtaka awe Jones akakataa kwa kuona filamu za namna hii ni za daraja la chini. Baadaye alikiri alikosea. Kwa hiyo akapewa Joel McCrea.

Bint Makorora

McCrea mimi kanitosha. Cooper angekuwa shujaa tangu dakika ya kwanza. Huyu ana sura ya mtu aliyetumwa dukani akasahau ametumwa nini.

Aliyeniteka ni ffolliott, yule mwandishi Mwingereza anayechezwa na George Sanders. Jina lake linaandikwa kwa herufi ndogo mbili, kwa sababu babu yake wa kale alikatwa kichwa na mfalme Henry wa Nane, na mjane akaiondoa herufi kubwa kumkumbuka mumewe. Anaeleza haya wakiwa ndani ya gari linalokimbiza wauaji, kwa utulivu kama anayekwambia bei ya nyanya! Nusu ya pili ya filamu yeye ndiye anayefanya kazi yote.

Chuma Ulete

Haya, nimetazama nusu. Sikulala. Yule babu mfupi mlinzi ni nani? Nilimpenda mpaka akataka kumsukuma Jones mbele ya lori.

Mzee Makabati

Hahaha. Rowley. Fisher anamkodi "amlinde" Jones. Lori likishindikana, anampandisha juu ya mnara wa kanisa kuu la Westminster, lile la Wakatoliki, waangalie mandhari. Anasubiri watalii washuke, kila wakitaka kubaki wawili lifti inaleta wengine. Mwisho anakuja mbio mikono mbele. Unaona mwili unaanguka toka mnarani, na Hitchcock anakuacha kidogo hapo hujui ni wa nani. Mwigizaji ni Edmund Gwenn. Miaka saba baadaye alicheza babu wa Krismasi kwenye Miracle on 34th Street, akapata Oscar. Mimi kila nikimwona na zile ndevu nyeupe nasogea mbali na ukingo.

Moyale Kwetu

Samahani kwa kuingilia. Mmetaja Julai 1940 au bado? Mwezi huo huku kwetu Waitaliano waliizingira ngome ya Moyale, na katikati ya mwezi Waingereza wakaiacha usiku. Huwa nashangaa filamu za vita vile zinavyoishia Ulaya.

Mzee Makabati

Hujaingilia, ndugu yangu. Julai ndiyo ninayoijia, hebu kwanza Fundi amalize la ndege, amenitumia ujumbe faragha mara mbili.

Fundi Redio

Nashukuru. Vita vimetangazwa, wote wamo kwenye ndege ya abiria kwenda Marekani: Jones, ffolliott, Carol na baba yake. Meli ya kivita ya Kijerumani inaitungua. Kamera imekaa nyuma ya marubani wawili, kupitia kioo unaona bahari inapanda, inapanda, halafu maji yanavunja kioo na kujaa ndani. Picha moja, hakuna kukata. Niliirudia mara kumi na tano kutafuta kiungio.

Siri yake: rubani halisi alipiga picha akiielekeza ndege baharini na kuinyanyua dakika ya mwisho. Picha hiyo ikarushwa kwa nyuma kwenye pazia mbele ya kioo cha ndege ya studio. Pazia lenyewe lilikuwa la karatasi, na nyuma yake matangi ya maji. Bahari ilipokaribia, Hitchcock akabonyeza kitufe, maji yakalichana pazia na kuingia kwa kasi ambayo jicho haliwahi kuiona karatasi. Mwaka 1940. Hakuna kompyuta, kuna ndoo kubwa na mtu anayejua kuhesabu.

Bint Makorora

Na hapo juu ya bawa linaloelea ndipo Fisher anapojitupa majini ili wengine wasizame. Nililia, halafu nikajikasirikia kwa kumlilia jasusi.

Kalamu Butu

Wanaokolewa na meli ya Marekani, nahodha anakataza habari yoyote isitoke, nchi yake haina upande. Jones anaomba ampigie "mjomba" wake New York kusema yuko salama. Mjomba ni mhariri. Anauweka mkono wa simu mezani, laini ikiwa wazi, anaanza kugombana na nahodha kwa sauti ya juu, anamsimulia kisa chote eti anamlalamikia. Upande wa pili mzee Powers anasikia kila neno. Hiyo ndiyo skupu safi kuliko zote nilizowahi kuziona kwenye sinema, na haikuhitaji bastola. Tena zingatia: kabla ya hapo Jones hakutaka kuituma, maana inamchafua baba wa mchumba wake. Carol na ffolliott ndio waliomsukuma.

Mzee Makabati

Basi niwapeleke kwenye ule mwisho.

Filamu ilikuwa imekwisha bila kipande kile. Hitchcock alikwenda Uingereza, akarudi na habari kwamba mabomu yanatarajiwa London siku yoyote. Akaitwa Ben Hecht, mwandishi mwenye mkono mwepesi kuliko wote Hollywood, akaandika eneo jipya harakaharaka, na likapigwa picha Julai 5. Jones yuko studio ya redio London, anaitangazia Marekani. Ving'ora vinalia, mabomu yanadondoka, taa zinazimika. Wanamwambia washuke handakini, yeye anaendelea gizani, anawasihi Wamarekani wazilinde taa zao maana huku zimezimika.

Siku alipoyasema maneno yale mbele ya kamera, London haikuwa imepigwa hivyo. Filamu ilitoka Agosti 16. Mabomu mazito ya kila usiku yalianza Septemba 7, wiki tatu baadaye. Mtu aliyenunua tiketi Agosti aliona jambo la kubuni. Mwenzake aliyekwenda mwishoni mwa Septemba, filamu ileile, alitoka ukumbini akanunua gazeti akaikuta ukurasa wa kwanza.

Na Hitchcock mwenyewe alikuwa salama California. Agosti hiyohiyo Michael Balcon, mtayarishaji aliyempa kazi ya kwanza ya kuongoza, aliwashambulia gazetini Waingereza waliobaki Hollywood wakati nchi yao inaungua. Mama yake Hitchcock alikuwa Uingereza. Sasa nikilitazama eneo lile la redio sijui tena kama ni Jones anayewaambia Wamarekani, au ni mtu mwingine anayejibu watu wa kwao.

Shekhe Ubwabwa

Hilo la Balcon sikulijua. Nitaitazama tena dakika kumi za mwisho, ila neno langu la propaganda silirudishi.

Mzee Makabati

Usilirudishe, shekhe. Ilipendekezwa kwa Oscar sita, haikupata hata moja. Filamu bora mwaka ule ilikuwa Rebecca, ya Hitchcock huyohuyo. Kashindwa na mkono wake wa kulia.

Chuma Ulete

Nimemaliza, saa nane na dakika kumi usiku, kesho nina zamu asubuhi. Swali moja wakuu: yule bwana mnene anayepita na gazeti mtaani London, Jones anapotoka hotelini, mbona kamera imemganda vile halafu hatumwoni tena? Na yeye ni jasusi?

Dj Kisauti

Huyo ndiye Hitchcock, mdogo wangu. Lala.